Mbao ya Mjomba Kasongo

Siku ya tatu ya matanga ya mume wangu, masufuria yakisuguliwa uani na wanaume wakiwa wamekwisha kurudi kwenye mazungumzo ya mpira, mjukuu wangu Nadia alikuja akaketi nami mkekani, simu mkononi. "Bibi, nimeipata," alinong'ona. Nikamwuliza amepata nini, maana nyumba yenye msiba hupotewa na vitu vingi, na mimi miwani yangu sikuwa nimeiona tangu asubuhi. Akanishushia kwanza miwani kutoka kichwani mwangu, kisha akanigeuzia kioo cha simu. Mle ndani vijana wa Kizungu, wavulana kwa wasichana, walikuwa wakirukaruka mchangani juani, mmoja ana gitaa, mwingine amebeba mbao ndefu kwapani, wote wanacheka na hakuna aliyewachekesha. Nyuma yao maji mengi. Nikajishika mdomo. Ilikuwa mojawapo ya zile filamu zetu. Sitaapa kuwa ni ileile, kwa sababu hata zamani hizo zilifanana zote, lakini yule msichana mwenye nywele zilizofutuka nilimjua mara moja, na kama si yeye basi ni mdogo wake. Mabega yakaanza kunitikisika. Wanawake walioketi karibu wakadhani nimezidiwa na majonzi, wakanishika huku na huku wakinipa pole: "Mwihangane, mama, mwihangane." Nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka nikalia kweli, na hapo ndipo waliponiacha.

Waliokuja kumzika Sefu walisema mengi mazuri juu yake. Mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu msema kweli, nami nikainamia mkeka kwa heshima ya mahali. Sefu alikuwa mpole, alikuwa mkarimu, alinipenda bila kuchoka, na hata nilipomchosha alichoka kimyakimya. Lakini msema kweli? Mtu huyu ujana wake wote alipata riziki kwa kusimama kando ya shuka jeupe, fimbo mkononi, akiwaeleza watu wa Rumonge, mji wetu wa ziwani, kwa Kiswahili maneno ya Kifaransa ambayo mwenyewe hakuyaelewa. Na mke alimpata kwa njia hiyohiyo. Habari hiyo ni ya mwaka mmoja tu, katika miaka ya sitini, nami nilikuwa na miaka kumi na saba.

Nilikuwa nikikaa kwa mjomba Kasongo. Kwa nini nilikaa kwa mjomba na si kwa wazazi ni habari ndefu isiyo na kichekesho hata kimoja, kwa hiyo tuipite. Mjomba alikuwa na mitumbwi ya kuvulia ndagala, hao ambao wenzetu wa Kigoma wanawaita dagaa, na ndagala huvuliwa usiku kwa taa za karabai: taa inawashwa juu ya maji, samaki wanaijia, wavu unawangoja chini. Ndiyo maana nyumba yetu ilikuwa na saa zake yenyewe. Asubuhi, nyumba nyingine zikinywa chai, sisi tulikuwa tunasonga ugali wa muhogo na kuchoma mikeke, samaki wa ziwa letu, kwa sababu mjomba alirudi na njaa ya kazi. Akishakula, analala, na akishalala, hakuna kiumbe kinachosema. Mama Tausi, mke wake mkubwa, alituendesha kwa ishara za mikono. Sombe, yale majani ya muhogo, tulikwenda kuitwanga kwa jirani. Tulikuwa na jogoo aliyezoea kuwika saa tano mchana, tukamla. Mlango wa chumba cha mjomba ulikuwa na pazia la maua mekundu, na chini ya pazia viatu vyake viwili. Viatu vikiwapo, tulitembea kwa vidole. Mpaka leo siwezi kupita mbele ya viatu vya mwanamume bila kushusha sauti.

Lakini katika kimya kile mlikuwa na uhuru. Mjomba amelala, baba na wajomba wa nusu ya mji wamelala, na mchana wote ni wetu wasichana. Isipokuwa mwezi ukijaa. Mwezi ukijaa, mwanga wake unatandaa ziwa zima, samaki hawana haja tena na taa ya mtu, na wavuvi wote wanabaki nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu na kuuliza maswali. Ulikuwa wapi? Huyu aliyekusalimu ni nani? Nilipokuja kusikia watu wanaisifu mbalamwezi katika nyimbo za mapenzi nilishangaa sana, sisi tuliichukia. Mimi nilikuwa na nafuu yangu kidogo, kwa kuwa siku hizo mjomba alikuwa akienda Magara kwa mke wake mdogo, na Mama Tausi alimfungia mzigo wake kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Basi Jumamosi mchana, viatu vikiwa mlangoni, nilikwenda sinema. Jumba la sinema hatukuwa nalo. Tulikuwa na ghala la mawese la Mgiriki mmoja, ambaye akishasukuma mapipa pembeni alitundika shuka ukutani, akapanga masanduku ya sabuni kuwa viti, akaziba madirisha kwa magunia. Sakafu iliteleza kwa mafuta, na ukitoka nguo zako zilinukia mawese mpaka Jumatatu, kwa hiyo hakuna msichana aliyeweza kudanganya kuhusu alikokuwa. Dawa yake tuliijua: kila mmoja wetu alikwenda na chupa, ili akiulizwa aseme alitumwa mafuta. Chupa yangu ilikuwa na kizibo cha gunzi la mahindi. Nyumba za Rumonge hazijapata kuwa na mafuta mengi kama mwaka ule.

Filamu zililetwa kwa kamiyo, lori la mizigo, kutoka Bujumbura, zikiwa zimekwisha kuchokwa huko. Sijui nani alikosea, au Mgiriki aligombana na nani, lakini mwaka ule zilikuja hizo tu: vijana wa Kizungu pwani. Hakuna farasi, hakuna bunduki, hakuna mtu anayekufa. Wanacheza, wanaimba, wananuniana kidogo, wanasimama juu ya mbao na mawimbi yanawaleta nchi kavu, wanabusiana, mwisho. Watu wetu walizitazama kwa wasiwasi wa watu waliozoea kazi. Bibi mmoja muuza mandazi, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja, ndiye aliyeanza.

"Muchanga wote huu," alisema kwa sauti, "na hakuna ndagala hata mumoja! Wananika wapi?"

"Na mitumbwi yao iko wapi?" akadakia mwingine.

Hapo Sefu akagonga shuka kwa fimbo yake. Alikuwa kijana mwembamba aliyeshuka kutoka Bugarama, huko milimani kwa wakulima, na Kifaransa chake kilikuwa kile cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kazi aliipata kwa sababu Mgiriki aliuliza nani anajua Kifaransa, na wengine wote walisita. "Ndugu zangu," akasema, "mitumbwi yao ilichukuliwa na zoruba! Kila mumoja amebaki na mbao moja tu. Ona huyu, anarudi na mbao yake, masikini." Ghala zima likaguna kwa huruma. Kuanzia hapo hakuna aliyewaona wale vijana kuwa wavivu. Walikuwa watu waliofikwa na maafa na wanajikaza. Wenye misuli walikuwa matajiri wa ng'ambo waliokuja kuinunua pwani. Mzee mwenye tai alikuwa mganga. Na pale kijana alipomshika msichana na kumbusu, watu wakaanza kukohoa na wanaume wakatugeukia sisi wasichana wa nyuma, Sefu hakutetereka.

"Anamunong'oneza jina la mama yake," alisema, "ili mukobwa apeleke salamu nyumbani."

"Mbona ananong'onea mudomoni?" aliuliza bibi wa mandazi.

"Sikio lake liko na maji."

Jumamosi iliyofuata Mgiriki aliweka filamu ileile, na Sefu, aliyekuwa amesahau alichosema, akatoa hadithi nyingine kabisa. Bibi wa mandazi akasimama na kapu lake. "Apana! Juma lililopita huyu alikuwa kaka yake!" Sefu akainama kwa adabu, akakubali. "Ego, mama. Lakini sasa wameshaambiwa ukweli." Watu wakapiga makofi. Nimeona sinema nyingi tangu wakati huo, zenye rangi na sauti safi, na wajukuu wananionyesha nyingine kwenye simu, lakini kuna kitu kinakosekana ndani yake, nacho ni mtu wa kuulizwa.

Nami nilianza kugundua jambo. Siku moja kijana wa gitaa alimwimbia msichana wake wimbo mrefu sana, na Sefu, badala ya kulitazama shuka, akatazama nyuma ya ghala. "Anasema," akasema polepole, "wewe uliyekaa kule, mwenye chupa ya kizibo cha gunzi, kila nikikuona nasahau hadithi yangu." Vichwa vyote viligeuka. Msichana wa kwenye shuka hakuwa na chupa. Nilikaa nimeiminya ile chupa mapajani, uso unawaka, na nilijua wakati uleule, bila kuhitaji mtu wa kunifasiria, kwamba nimekwisha. Baada ya hapo nilikuwa wa mwisho kutoka. Yeye alikunja shuka, mimi nilishika ncha ya pili, na kwa muda wa kukunja shuka tukazungumza. Aliniuliza ziwa lina kina gani. Nilimwambia hakuna ajuaye. Alisema hajui kuogelea hata kidogo, na alilisema hilo kwa kicheko, kama mtu anayesema hapendi bamia.

Sasa, Bwana Saidi. Ningependa kumsema vibaya, kisa kingenoga, lakini hakuwa na baya. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese wa Nyanza-Lac, aliyefiwa na mke, mwenye kicheko kikubwa na baiskeli yenye kengele mbili. Alileta posa kwa heshima zote. Nilikuwa jikoni nachambua majani ya lengalenga, mchicha wetu, na ukuta kati ya jikoni na sebule haukuzuia kitu.

"Mutoto iko na tabia nzuri," Mama Tausi alikuwa akinisifu, kwa nia njema kabisa. "Anapenda sana kutumwa mafuta."

"Basi kwangu mafuta hatayakosa," alisema Bwana Saidi, na kicheko chake kikatikisa vikombe.

Mjomba alimwambia arudi mwezi ukianza kupungua, yeye akiwa ametoka Magara, apate jibu lake. Jibu lenyewe kila mtu alilijua. Nilimwomba Mama Tausi amgusie mjomba kwa mbali habari za Sefu, akamgusia kwa karibu mno, na nilisikia jibu kupitia ukuta uleule: "Yule wa gizani? Mutu wa mulimani, hana ndugu hapa, hajui hata kuogelea, kazi yake ni kusema sinema! Nimupe mutoto wangu?" Nilibaki na lengalenga mikononi. Sikuwa nimewahi kumtaka mtu kabla ya hapo, na nilihisi kana kwamba mjomba amekula chakula changu bila hata kujua kuwa kilikuwa changu.

Sefu nilipomwambia hakulia wala kuapa. Alifikiri. Maneno ya zile filamu hakuyaelewa, lakini mambo yenyewe alikuwa ameyatazama kuliko mtu yeyote Burundi nzima, na alikuwa ameona kwamba yanakwenda njia moja. "Mwaju, wewe hujaona?" aliniambia. "Kijana anafanya sikukuu pwani. Anasimama juu ya maji. Akishasimama juu ya maji, hakuna anayemukatalia kitu. Si baba, si tajiri, si muganga." Nilimwambia yeye hajui kuogelea. Akasema ndiyo maana atasimama. Leo naweza kuona ubovu wa hoja hiyo, lakini nilikuwa na miaka kumi na saba na niliiona imenyooka.

Jumamosi iliyofuata, katikati ya filamu, alitangaza sikukuu. Kijana mwenye gitaa alifungua kinywa, na Sefu akasema: "Anasema, vijana wote wa Rumonge, hata sisi tuko na pwani!" Vijana wakalipuka. Tatizo lilikuwa moja, mchanga. Siku za kawaida pwani yetu yote imefunikwa na ndagala wanaokauka, na ukimkanyagia mama wa watu ndagala wake utajua aliyekuzaa. Sefu akawauliza watoto wa wavuvi: mchanga unakuwa wazi lini? Wakamjibu, na walisema kweli tupu: mwezi ukijaa. Basi akaweka siku hiyo. Hakuna aliyemwongezea kwamba mwezi ukijaa kila mvuvi yuko nchi kavu, macho wazi, hana la kufanya, kwa sababu kwetu hilo halisemwi. Mtu huzaliwa analijua. Yeye alizaliwa Bugarama, wanakopanda mihogo. Mimi niliyekulia ndani ya jambo hilo nilifikiria mjomba mmoja tu, na mjomba wangu angekuwa Magara.

Tulijiandaa. Wavulana walikata suruali zao juu ya magoti, na wawili walipigwa na mama zao kwa ajili hiyo. Sisi wasichana tulijadili mavazi ya wale wasichana wa filamu kwa urefu, tukakubaliana kwamba wale wamepungukiwa kitambaa, masikini, kwa vile kila kitu kilikwenda na zoruba. Tukafunga vitenge chini ya makwapa kama tunavyokwenda kuoga, na juu yake mkanda, ili ionekane ni makusudi. Gitaa lilikuwa la bati. Ngoma ilikuwa pipa la Mgiriki. Chakula kilikuwa mikeke ya kuchoma na ndizi. Na mbao ya kusimamia juu ya maji, vijana waliiona imelala kando ya mtumbwi mmoja uliokuwa ukitengenezwa, mbao mpya ya mvule, ndefu, imerandwa vizuri. Hawakuuliza ni ya nani.

Ijumaa, siku moja kabla, mjomba alirudi kutoka Magara na mzigo wake mgongoni. Mke mdogo alikuwa amemfungia mlango kwa sababu ya kitenge alichoahidiwa na hakukiona. Mama Tausi alimpokea kwa uso ambao sitausahau, nami kesho yake nikatoka na chupa yangu kama kawaida, nikitumaini atabaki ndani. Na Jumamosi mchana Bwana Saidi, aliyeshindwa kungoja, akafika mapema kuchukua jibu lake, sebule ikawa na joto, na mjomba akamwambia watoke kidogo wapunge hewa, akamwonyeshe mtumbwi anaoutengeneza. Hayo yote niliyajua baadaye, maana mimi wakati huo nilikuwa pwani na mkanda wangu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kucheza, ile ngoma ya kutikisa nyonga bila kwenda popote, na mchanga ulikuwa wa moto kiasi kwamba hata wasiojua walicheza vizuri. Nikainua macho. Juu, penye majani, walikuwa wameketi wavuvi wa Rumonge. Wote. Walikuwa wameketi kwa mistari, wafupi mbele, warefu nyuma, wengine na nyavu zao mapajani, na bibi wa mandazi alikuwa akipita katikati yao anauza.

"Hawa wanaomba mvua?" aliuliza mzee mmoja.

"Apana, iko sinema," alimjibu mwenzake. "Tulia, uone."

"Na Sefu iko wapi atufasirie?"

Sefu alikuwa majini. Kiangazi kile upepo wa kusini ulikuwa umeamka na ziwa lilikuwa na mawimbi ya kutosha. Alilala juu ya mbao kifudifudi, akapiga maji kwa mikono, akapiga magoti, na kisha, naapa, na waliokuwapo wote wanaapa, akasimama. Alisimama juu ya maji ya Tanganyika, mikono imetanuka, akanitafuta kwa macho. Nilipiga kelele. Mji mzima ulipiga kelele. Kisha mbao ikaenda huku naye akaenda kule.

Aliibuka ameikumbatia, ikimchukua ziwani. "Ninakufa!" alipaza sauti.

"Anasema nini?" waliulizana juu.

"Anasema anakufa."

"Yampaye inka, huyu kijana anajua kazi yake!" alishangilia mzee mmoja, na makofi yakapigwa.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia maji ya magoti nikilia jina lake, na hilo nalo lilipigiwa makofi. Ndipo niliposikia nyuma yangu sauti niliyoijua. "Ile mbao iko yangu!" Mjomba Kasongo alinipita bila kunitazama. Alivua kanzu akiwa anakimbia, akaingia ziwani na kofia yake kichwani, na akaogelea kuifuata mbao yake. Sefu alikuwa amekwisha kuzama mara mbili, lakini vidole vyake vilikuwa vimegandamana kwenye ule mvule, kwa hiyo mjomba alipoikokota mbao hadi mchangani, alimkokota na yeye.

Hapo makofi yakakoma. Sefu alilala, hapumui. Mjomba akamlaza kifua juu ya mbao, akaanza kumkandamiza mgongo, na akaanza kusema. Alisema kwa Kitabwa, lugha ya kwao, ng'ambo ya ziwa huko kusini kabisa, ambayo pale Rumonge ilikuwa na watu wawili, yeye na mimi. Alikuwa anaitumia kwa matusi tu, basi wote walidhani anatukana. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando yake na nilisikia. Alikuwa anasema: "Kohoa, mtoto wa mtu. Kohoa. Usinifie mikononi. Utakacho nitakupa, kohoa tu." Alirudia hivyo kila alipokandamiza. Sikuwahi kumpenda mjomba kama nilivyompenda wakati ule.

Sefu akakohoa. Akatapika ziwa. Akafumbua macho, akaona uso wa mjomba juu yake unanguruma kwa lugha isiyojulikana, na nyuma ya uso huo watu wote wa mji wameinama, na mmoja wao, kwa mazoea tu, akasema: "Sefu, anasema nini? Fasiri!"

Na yeye, kwa mazoea tu, akafasiri. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini ilikuwa ile ya ghalani. "Anasema," akasema, "kwa kuwa nimerudi kutoka majini, atanipa ninachotaka. Na ninachotaka anakijua. Ni Mwajuma."

Pwani yote ililipuka. Mjomba aliganda, mikono hewani. Alimtazama Sefu, kisha akanigeukia mimi polepole, na akanong'ona: "Umemufundisha Kitabwa?"

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikusema hapana. Nilitazama chini kama msichana mwenye adabu. Mjomba hakuweza kukana, kwa sababu alikuwa amesema kweli na alidhani ameeleweka. Aliyemtoa katika shida hiyo alikuwa Bwana Saidi. Alikuwa ameketi mchangani, anacheka machozi yanamtoka, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. "Mzee Kasongo," alisema alipoweza, "umeahidi mbele ya watu wote hawa. Mimi siwezi kushindana na sinema. Kaa na amani, narudi kwangu." Na arusi ilipofika alituletea debe la mawese, la kuniwekea akiba, alisema, nisiendelee kutumwa.

"Kwanza atajifunza kuogelea," ndilo neno pekee mjomba alilosema kwa Kiswahili jioni ile. Alimfundisha mwenyewe, kwa kumtupa. Ile mbao ilirudi kwenye mtumbwi, na miaka mingi baadaye watu walikuwa bado wanaonyeshana: ile pale, ya tatu kutoka juu. Na tangu siku hiyo mpaka tulipomzika, mjomba hakutukana tena kwa Kitabwa mbele ya Sefu. Akikasirika alitoka nje, akaenda kumtukania nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini. Sefu alidhani mzee ana tatizo la kibofu.

Miaka iliyofuata ilikuwa na mambo yake. Tulikaa Kigoma muda mrefu kuliko tulivyotaka, tukarudi, tukaikuta pwani palepale na ghala halipo. Na katika miaka yote hiyo, kila alipokumbuka, Sefu aliniuliza: "Hivi mjomba siku ile alikuwa anasema nini kweli?" Nilimjibu kila mara kwamba alikuwa anasema habari za mbao. Sababu yangu ilikuwa nzuri. Kama angejua kwamba mara ile moja alifasiri sawasawa, tusingekaa naye nyumba moja kwa majivuno yake.

Mkekani, Nadia aliongeza sauti ya simu. Yeye anasoma Bujumbura, Kifaransa anakijua kweli. "Bibi, nikutafsirie? Huyu anauliza nani amechukua taulo yake."

"Na huyu mwingine?"

"Anasema si yeye."

Nikamwambia azime sauti. Wanawake wa matanga walikuwa wamesogea kutazama, na mmoja aliuliza hawa watoto wana nini, mbona wako uchi hivi na mbao mikononi. Nikachukua mwiko uliokuwa karibu. "Mitumbwi yao ilichukuliwa na zoruba," niliwaambia, na wote wakaguna kwa huruma.

Nilimwambia Sefu ukweli, mwishowe. Ilikuwa mchana, alikuwa amelala kitandani, viatu vyake mlangoni, na daktari alikuwa amekwisha kutueleza. Sikutaka aende bila kujua. Nikaketi kando yake nikamwambia: "Sefu, siku ile mjomba hakutukana. Alisema: Kohoa, mtoto wa mtu, utakacho nitakupa. Ulifasiri sawa."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha pumzi tu alichokuwa amebakiwa nacho. "Mwaju," alisema, "leo ndiyo unajifunza kazi yangu?"

"Wallahi nasema kweli."

"Unafasiri vizuri. Lakini umepitiliza kidogo. Mutu mwenye hasira hasemi hivyo, watu hawatasadiki." Nikaapa tena, nikaanza kulia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimekitunza kitu kile miaka yote na sasa hakipokelewi. Akaushika mkono wangu. "Mimi niliudanganya mji muzima kwa ajili yako," alisema. "Hiyo ndiyo kazi kubwa niliyofanya duniani. Usininyang'anye."

Nikajifuta uso kwa kitenge. Nikamwambia basi, mjomba alikuwa anasema habari za mbao.

"Ndiyo," alisema Sefu, akafumba macho, ameridhika. "Nilijua tu."